Kilichomo kinywani mwa mtoto ni amana: Turudi kwenye kashata za nyumbani

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, sahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, huenda baadhi yenu mkashangaa kuona ukurasa huu, ambao mmezoea kuukuta ukizungumzia swala, zaka, ndoa na mirathi, leo unazungumzia kashata. Nawaomba mnivumilie. Jambo lenyewe limeanzia katika madrasa, na lililonisukuma kuliandika ni aibu iliyonipata mimi mwenyewe mbele ya watoto.

Wanafunzi wetu hapa Mbezi Beach walipohitimu Juzuu Amma, nilitaka kuwafurahisha. Nilipita dukani nikanunua pakiti za pipi laini, zile za kutafuna zenye rangi nyingi na maumbo ya wanyama, nikawagawia baada ya dua. Watoto walifurahi na wengi wao walizitia kinywani papo hapo. Binti mmoja wa miaka 9 hakula. Aliigeuza pakiti, akasoma taratibu maandishi madogo ya nyuma, kisha akanyanyua mkono na kuuliza: "Sheikh, gelatini ni nini, na imetokana na mnyama gani?"

Nilinyamaza. Mlango wa vyakula nimeusomesha kwa miaka mingi. Najua kueleza kuhusu nyamafu, damu na kilichochinjwa bila kutajiwa jina la Mwenyezi Mungu. Lakini kile nilichowapa watoto wa watu kwa mkono wangu sikujua kimetengenezwa kwa kitu gani. Nilimwambia nitamjibu kesho yake, insha'Allah. Wakati nasema hivyo, wenzake walikuwa wamekwisha kumeza.

Tende kinywani mwa mjukuu wa Mtume

Usiku ule nilikumbuka hadithi iliyopokelewa na Abu Huraira (R.A.), iliyomo katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim. Al-Hasan bin Ali (R.A.), mjukuu wa Mtume (S.A.W.), akiwa bado mtoto mdogo, aliokota tende moja katika tende za sadaka akaitia kinywani. Mtume (S.A.W.) alimkemea kwa sauti ya kumtaka aiteme, akamkumbusha kwamba wao watu wa nyumba yake hawali sadaka.

Tuizingatie hadithi hii sisi wenye watoto. Tende ile ilikuwa tende safi, tena moja tu. Mlaji alikuwa mtoto ambaye kalamu bado haijamwandikia dhambi. Mtume (S.A.W.) hakusema kwamba huyu ni mtoto, tumwache, atajua akikua. Aliona kuwa mzazi ndiye mlinzi wa kinywa cha mtoto mpaka mtoto mwenyewe aweze kukilinda, na tena alimweleza mtoto sababu, ili ajifunze. Kama tende moja ilifanyiwa uangalifu huo, sisi tutajibu nini kuhusu pakiti ambazo hatuwezi hata kuyasoma maandishi yake?

Halali, kisha kizuri

Katika Suratul Baqara, aya ya 168, Mwenyezi Mungu anawaamrisha watu wote wale vilivyomo katika ardhi kwa masharti mawili: kiwe halali na kiwe kizuri. Vijana wa pangoni, kama tunavyosoma katika Suratul Kahf, aya ya 19, walipoamka na njaa yao walimtuma mwenzao mjini na kumwagiza atazame ni chakula cha nani kilicho safi zaidi. Walikuwa wakimbizi wenye njaa na hofu ya kuuawa, lakini bado waliuliza.

Sasa nirudi kwenye swali la yule binti, maana nilimjibu kesho yake kama nilivyoahidi. Gelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, na ndiyo inayoifanya pipi iwe laini na ya kuvutika. Iko itokanayo na ng'ombe, iko itokanayo na samaki, na iko itokanayo na nguruwe. Ya samaki haina tatizo. Ya ng'ombe hutazamwa amechinjwa vipi. Ya nguruwe, katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani hii tunayafuata, ni najisi na kuchemshwa hakuitoharishi. Wako wanazuoni wengine wanaosema kitu kikigeuka kabisa kikawa kitu kingine, hukumu yake nayo hugeuka, na rai yao inaheshimika. Iko pia rangi nyekundu inayoandikwa kwenye pakiti kwa alama ya E120, ambayo hutokana na wadudu waliokaushwa na kusagwa. Wadudu, kwa Mashafi, hawaliwi.

Hapa lazima niseme neno la tahadhari, ili nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba pipi za dukani ni haramu. Kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu bila ya dalili ni kosa kubwa, na Suratun Nahl, aya ya 116, inatukataza ndimi zetu zisitamke ovyo kwamba hiki halali na hiki haramu. Ziko pipi zisizo na chochote ila sukari, maji na ladha. Ziko zenye gelatini ya samaki au ya ng'ombe aliyechinjwa kisheria. Ziko zenye nembo ya halali iliyotolewa na chombo kinachoaminika, na hapa nchini BAKWATA hutoa vyeti vya namna hiyo. Mwenye kununua na asome kwanza, na asipoelewa aulize. Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya An-Nu'man bin Bashir (R.A.), ametufundisha kuwa halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yao yako mambo ya kutatiza, na mwenye kuyaepuka amejilindia dini yake na heshima yake. Nasaha yangu ya leo ni kwamba mbele ya yale ya kutatiza tunayo njia nyepesi ambayo wazee wetu walitukabidhi, nasi tumeiacha.

Nazi 2 na nusu kilo ya sukari

Nilipomsimulia mama wa nyumbani kwangu yaliyonipata, alicheka. Kisha akauliza kwa nini sikumwambia mapema akatengeneza kashata. Jumamosi iliyofuata alitoa mbuzi ya nazi iliyokaa stoo muda mrefu, tukawaalika wanafunzi wachache nyumbani pamoja na wajukuu zetu.

Tulitumia nazi 2, sukari nusu kilo, kikombe kimoja cha maji, iliki iliyotwangwa na chembe ya chumvi. Watoto wakubwa walikuna nazi kwa zamu. Baadhi yao hawakuwahi kukikalia kiti cha mbuzi maishani mwao, ingawa minazi wanaiona kila siku. Sukari na maji vikachemshwa mpaka maji ya sukari yakawa mazito na yenye kuvutika. Nazi ikatiwa, iliki ikafuata, na kazi ya mwiko ikaanza. Kashata haitaki haraka wala haitaki kuachwa. Ukiongeza moto inaungua chini, na ukiondoka inashika sufuria. Mchanganyiko ulipoanza kujivuta na kuachana na kuta za sufuria, ulimiminwa kwenye sinia iliyopakwa mafuta, ukasawazishwa na kukatwa ungali wa moto, kwani ukipoa haukatiki vizuri.

Wazee walikuwa na kipimo chao cha sukari ambacho hakikuhitaji chombo chochote. Walidondosha tone moja katika bakuli la maji baridi. Likisambaa, bado. Likikusanyika laini kama donge, linafaa kwa kashata laini. Likigumu na kulia kama kigae, linafaa kwa gubiti na pipi za kumung'unya. Waliongeza matone machache ya ndimu, nao walijua kwa uzoefu kuwa huizuia sukari isirudie chembechembe. Wataalamu wa kemia wanatueleza kuwa ukali wa ndimu huigawa sukari ile katika sukari mbili nyepesi zisizoganda kwa urahisi. Bibi zetu hawakusoma kemia, ila walikuwa na elimu, na elimu hiyo inazikwa nao kila tunapomzika mmoja wao bila ya kumuuliza.

Ndugu msomaji, yazingatie waliyojifunza watoto mchana ule. Walianza kwa Bismillahi, kwa sababu Mtume (S.A.W.) alimfundisha Umar bin Abi Salama (R.A.), kijana aliyelelewa nyumbani mwake, alitaje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia na ale kilicho mbele yake. Walisubiri. Walipeana zamu. Na kila mmoja aliweza kutaja, kimoja baada ya kimoja, kila kilichomo katika kipande alichokishika. Yule binti aliyeniuliza swali alikuwa wa kwanza kula, wala hakuuliza kitu.

Natahadharisha jambo moja. Sukari iliyoyeyuka ina joto kupita maji yanayochemka, na inanata mwilini. Kukoroga motoni na kumimina ni kazi ya mtu mzima, na watoto wadogo wakae mbali na jiko. Akiungua mtu, sehemu ile iwekwe chini ya maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, wala isipakwe dawa ya meno wala samli, na jeraha likiwa kubwa apelekwe hospitali.

Hoja ya sukari

Wako watakaosema: Sheikh, sukari ni sukari, iwe ya dukani au ya nyumbani, na wewe unatuhimiza kuwaharibia watoto meno na kuwaletea kisukari. Hoja hii ni ya haki na nitaijibu kwa hesabu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu zote mtu anazopata kwa chakula cha siku, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, sawa na vijiko 6 vya chai. Kwa mtoto ni pungufu ya hapo. Sisi tulitia gramu 500 tukakata vipande 40. Kila kipande kilikuwa na gramu 12 na nusu za sukari. Basi vipande 2 vinammalizia mtu mzima fungu lake la siku, na mtoto kimoja kinamtosha, tena si kila siku.

Hesabu hiyo tuliweza kuifanya kwa sababu tulipima wenyewe. Suratul Aaraf, aya ya 31, inatuamrisha tule na tunywe wala tusifanye israfu. Ni vigumu kujiepusha na israfu ya kitu usichojua kipimo chake. Bibi Aisha (R.A.) amepokea, kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akipenda vitu vitamu na asali. Na huyo huyo aliyependa vitamu ndiye aliyetufundisha tumbo tuligawe mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi. Kupenda kitamu si aibu kwa Muislamu, maadamu hakimtawali.

Chagua karanga kama unavyomchagulia mwanao

Mwenye kupendelea kashata za karanga, kazi yake huanzia kwenye ungo. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au zenye uchungu zitupwe, wala zisichanganywe na nzima. Humo mna hatari ya sumukuvu, sumu itokanayo na fangasi, ambayo hudhuru ini na ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Neno hili nawaelekezea pia mama zetu wanaotengeneza kashata za kuuza, kuanzia Mbagala na Temeke mpaka Magomeni na Tegeta. Kashata zao ndizo zinazoliwa kwenye vijiwe vya kahawa baada ya swala ya Isha. Kazi yenu ni ya heshima. Mtume (S.A.W.) amesema maana yake kwamba hakuna aliyekula chakula bora kuliko kile kitokanacho na kazi ya mkono wake, na akatoa mfano wa Nabii Daud (A.S.). Lakini mtu anaweza kuzificha karanga mbovu ndani ya sukari iliyokolea rangi na mlaji asijue. Mtume (S.A.W.) aliwahi kupita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikakutana na umajimaji ndani yake. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akabainisha kuwa mwenye kudanganya si katika wao. Kashata yenye karanga mbovu ndani ni lundo lile lile. Na sisi wanunuzi, tukimpata mama mwaminifu asiyechanganya, tumuungishe wala tusimpunguzie bei.

Nani ataingia jikoni

Hoja nyingine ni ya muda. Baba anatoka alfajiri kuiwahi foleni ya Barabara ya Bagamoyo, mama naye ana kazi, wanarudi usiku wamechoka. Najua. Lakini kashata za nazi hazichukui zaidi ya saa moja na nusu, na sikuhimiza ziwe za kila siku. Mara moja kwa mwezi, au kwa Sikukuu mbili, watoto wanapohitimu, akika inapofanyika, inatosha.

Akina baba, msidhani maneno haya yanawahusu wake zenu peke yao. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na ukifika wakati wa swala hutoka. Kuna unyonge gani kwa baba kukalia mbuzi akakuna nazi huku wanawe wamemzunguka? Mimi nimekuna, na wanafunzi wangu bado wananisalimia kwa adabu ile ile.

Na tusimsahau binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Katika majumba yetu mengi yeye ndiye aliye karibu na moto. Mtume (S.A.W.) ametuelekeza kwamba mtumishi anapotuletea chakula tumketishe tule naye, na kama si hivyo tumpe tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyestahimili joto lake. Haifai watoto wa nyumba wagawiwe kashata sebuleni, na aliyekoroga abaki kuosha sufuria.

Sahani ya jirani

Zamani ya utoto wetu, haikupita Sikukuu bila ya mtoto kutumwa kwa jirani na sahani iliyofunikwa kitambaa, ndani yake mna visheti, kashata au kipande cha halua. Sahani ile haikurudi tupu. Jirani alitia alichokuwa nacho, hata kama ni ndizi mbili. Mtume (S.A.W.) amewahimiza wanawake wa Kiislamu wasidharau kumzawadia jirani, hata kama zawadi yenyewe ni kwato ya mbuzi.

Hapa Mbezi Beach, kuanzia Tangi Bovu mpaka Afrikana, tumejenga kuta ndefu. Kuta zina sababu zake na siwalaumu waliozijenga. Lakini wapo wakazi walioishi mkabala kwa miaka 10 bila ya kujua majina ya watoto wa ng'ambo ya barabara. Pakiti ya dukani mtu huona haya kumpelekea jirani, kwani jirani naye anaweza kuinunua. Sahani ya kashata uliyoipika mwenyewe haina maelezo marefu, na mlango wowote utaigongea. Jirani asiye Muislamu naye ana haki ya ujirani. Mpelekee, na mtoto wako ndiye awe mchukuzi.

Vile vipande 40 havikuisha siku ile. Watoto walikula kimoja kimoja, wengine wakafunga vya wazazi wao, na sahani moja ilivuka barabara. Kesho yake yule jirani, ambaye siku zote tulikuwa tukisalimiana kwa kupungiana mikono ndani ya magari, alikuja kuirudisha sahani kwa miguu yake. Ilikuwa na maembe manne.

Ndugu Waislamu, tutaulizwa juu ya neema hizi, na tutaulizwa juu ya watoto hawa. Pakiti mtakazonunua, zisomeni. Lakini walau kwa siku zao za furaha, wapeni watoto kitu ambacho mnaweza kukijibia mbele yao leo na mbele ya Mola wao kesho. Nami nimeweka nadhiri kwamba wanafunzi wetu watakapohitimu Juzuu Tabaraka, insha'Allah, zawadi yao itatoka jikoni.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali na kizuri, avilinde vinywa vya watoto wetu na kila chenye kuwadhuru, na azitie baraka nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.